Udongo au kompyuta? Ulinganisho wa njia za kutengeneza prosthetiki za usoni, hatua kwa hatua

Ukitaka kuchagua kati ya mikono na kompyuta katika kazi ya prosthetiki, yaani vipande bandia vinavyobandikwa kwenye uso wa mwigizaji, usichague kwa mkupuo. Pua moja ya bandia hupitia hatua tano: kuchukua umbo la uso wa mwigizaji, kuchonga, kutengeneza kalibu, kumimina silikoni, kisha kubandika na kupaka rangi. Hizo mbili za mwisho bado ni za mikono kwa kila fundi. Ushindani uko kwenye tatu za mwanzo, na kila moja ina mshindi wake.

Kipimo cha kuamulia ni ukingo, yaani pale kipande kinapokwisha na ngozi halisi inapoanza. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa kama milimita 0.1. Ukingo wa silikoni unapaswa kuwa mwembamba kuliko hapo, la sivyo kamera ya karibu itauona hata ukiupaka rangi kwa ustadi gani. Kwa hiyo kila chombo tutakachokitaja hapa tunakiuliza swali hilohilo: kinakusogeza kwenye ukingo huo au kinakukwamisha?

Kuchukua umbo la uso

Aljineti ni poda ya kuchanganya na maji, ambayo huganda usoni na kunasa umbo lake. Uso peke yake hula takriban nusu kilo ya poda. Maji ya uvuguvugu huifanya igande haraka na ya baridi huichelewesha, kwa hiyo pima joto la maji kabla ya kuchanganya, hasa chumba kikiwa na joto. Juu yake huwekwa tabaka tatu au nne za bendeji za plasta ili umbo lisipinde wakati wa kulitoa. Nyusi, kope na mstari wa nywele hupakwa mafuta mazito kwanza. Mwigizaji hukaa kimya, macho na mdomo vimefumbwa, akipumua kwa pua tu, na zoezi zima huchukua dakika 20 hadi 30.

Faida yake kubwa ni kwamba hunasa kila kitu: vinyweleo, mistari ya midomo, hata mikunjo midogo ya kope. Hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni uzito. Aljineti pamoja na bendeji huvuta mashavu chini, hubonyeza ncha ya pua na kukandamiza kope, kwa hiyo nakala unayopata ni ya uso uliolemewa. Kipande kilichochongwa juu ya nakala hiyo kikibandikwa kwenye uso hai huacha mwanya pembeni ya pua na chini ya macho, na utaupigania kila asubuhi ya kazi. Ya pili ni maji. Aljineti ikianza kukauka husinyaa, hivyo jipsamu lazima imiminwe mara tu umbo linapotoka usoni, na kwa kawaida utapata nakala moja tu. Silikoni ya platinamu (inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu) iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi haisinyai hivyo na hutoa nakala nyingi. Ila ina gharama zaidi, na uzito bado upo palepale.

Skana ya 3D, kifaa kinachosoma umbo la uso kwa mwanga na kulipeleka kwenye kompyuta, haigusi uso. Mwigizaji hukaa wima, anaona, anapumua anavyotaka, na nyama za uso ziko mahali pake pa kawaida. Kwa mtu anayeogopa kufunikwa uso, mwenye mafua yaliyoziba pua, au mtoto, hakuna cha kujadili: tumia skana. Vilevile mwigizaji akiwa mji mwingine, faili husafiri na kichwa cha plasta hakihitaji kusafirishwa.

Skana nzuri ya mkononi inayorusha mwanga wenye ruwaza, kama Artec Eva, imetajwa na watengenezaji wake kuwa na usahihi wa hadi milimita 0.1. Kwa umbo la uso hiyo inatosha kabisa. Kwa vinyweleo haitoshi. Kuna mambo mengine yanayoisumbua skana ya aina hii. Ngozi nyeusi sana hunywa mwanga na ngozi yenye mafuta huurudisha, na zote mbili huacha matundu kwenye meshi, yaani wavu unaounda umbo la uso kwenye kompyuta. Ongeza mwangaza au unyeti wa skana, na upake poda isiyong'aa kabla ya kuanza. Nywele hazisomeki, basi mvalishe mwigizaji kofia ya upara. Nyuma ya masikio na ndani ya matundu ya pua mwanga haufiki, na programu hujaza hapo kwa kubahatisha. Ukihitaji masikio, yachukue kwa aljineti peke yake.

Skani mara mbili: macho wazi kwa ajili ya usanifu, macho yamefumbwa kwa ajili ya kipande chochote kitakachogusa kope. Wengi hukumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili.

Usipokuwa na skana, kamera ya kawaida inafanya kazi kwa njia ya fotogrametria, yaani kuunda umbo la pande tatu kutokana na picha nyingi. Piga picha 60 hadi 100 ukizunguka kichwa kwa vimo vitatu, kila picha ikipandana na ya jirani kwa angalau theluthi mbili. Tumia lenzi isiyobadilisha ukubwa, tundu la f/8 hadi f/11, na mipangilio yote iwe ya mkono. Kichujio cha polaraizi kwenye taa na kingine kwenye lenzi, vikiwekwa kwa kupishana, huondoa mng'ao wa ngozi. Shida ya kamera moja ni muda: mwigizaji akitikisa shingo katikati ya zoezi, unapata mashavu mawili yaliyopandana. Muwekee kichwa pa kuegemea na umpe nukta ya kutazama. Kwa upande wa simu, kamera ya mbele ya iPhone, ile inayofungua simu kwa uso, inafaa zaidi kwa kichwa kuliko LiDAR ya nyuma (kihisi kinachopima umbali kwa leza), ambayo inafaa zaidi kwa vyumba na vitu vikubwa.

Fotogrametria ina mtego mmoja unaoharibu kazi nzima kimyakimya: haijui ukubwa halisi wa kitu. Usipoweka rula au alama mbili zenye umbali unaojulikana ndani ya picha, utapata uso sahihi kwa sura na usio sahihi kwa kipimo. Kosa la asilimia 1 kwenye uso wenye upana wa milimita 150 ni milimita 1.5, na hakuna ukingo utakaokaa kwa kosa hilo. Pima kwa kalipa (kifaa chenye mikono miwili cha kupimia upana) umbali kati ya pembe za nje za macho na upana wa taya, uziandike namba hizo, kisha uzilinganishe na meshi kabla hujachonga chochote.

Kwa vipande vya paji, mashavu, kidevu na shingo, tunachagua skana. Kwa kope na midomo, ambako kipande chembamba lazima kifuate mikunjo iliyopo, aljineti au silikoni ya ngozi bado inashinda. Na kama tayari una nakala ya plasta, iskani hiyo hiyo: haitikisiki, haing'ai, ni nyeupe. Kumbuka tu kwamba kulegea kwa mashavu kutahamia kwenye kompyuta pia.

Kuchonga

Katika udongo wa mafuta, mkono wako unafanya kazi kwenye kipimo halisi muda wote. Unausugua ukingo kwa kidole hadi upotee ndani ya ngozi ya nakala, unapitisha brashi yenye spiriti au mafuta kidogo ya kujazia kiberiti kulainisha (mbali na moto, dirisha wazi), unatandika plastiki nyembamba juu ya udongo na kubonyeza mikunjo ili isionekane imekatwa kwa kisu. Muhuri wa lateksi uliotengenezwa kwa ganda la chungwa hutoa vinyweleo vinavyoaminika kwa sekunde chache. Chagua udongo usio na salfa ukijua kwamba silikoni ya platinamu itamiminwa juu yake. Sababu iko mbele.

Udongo hauna kurudi nyuma. Muongozaji akisema pua iwe fupi kwa milimita 4, unakata na kuanza upya eneo hilo. Kulinganisha kushoto na kulia ni kazi ya jicho na kalipa, na huchukua saa nyingi.

Programu za kuchonga kama ZBrush, Blender ambayo ni ya bure, au Nomad Sculpt kwenye tableti hukupa kioo cha pande mbili, matabaka ya kuwasha na kuzima, na uwezo wa kutoa matoleo kutoka faili moja: uzee wa miaka 50, 60 na 75, au jeraha la siku ya kwanza na la wiki ya pili. Faida kubwa kuliko zote ni kwa mbadala wa mwigizaji kwenye matukio ya hatari. Uso wake una umbo tofauti, lakini sura ya nje lazima ifanane. Kwenye kompyuta unabaki na uso wa nje uleule na kuondoa ndani yake skani ya mbadala. Kwa udongo ungechonga upya kazi nzima.

Vivyo hivyo kugawa kazi kuwa vipande. Prosthetiki kubwa hutengenezwa kwa vipande vinavyopandana, mbinu aliyoipatia umaarufu Dick Smith. Kwa udongo, nakala hupakwa kiachanishi kinachoyeyuka kwa maji kabla ya kuchonga, kisha kichwa kizima huzamishwa majini usiku kucha ili vipande vya udongo viachie na kuhamishiwa kimoja kimoja kwenye viini vyao, yaani nakala za uso wa mwigizaji zinazokaa ndani ya kalibu. Ni hatua ya wasiwasi: kipande kikinyooka kidogo wakati wa kuhamishwa, mpandano na jirani yake umepotea. Kwenye kompyuta unakata meshi na mipaka inabaki ilivyo.

Lakini skrini inadanganya kwa njia tatu, na hapa ndipo wachongaji wazuri wa kompyuta huangukia wanapofanya prosthetiki kwa mara ya kwanza. Moja, inakuruhusu kuchonga chini ya ngozi. Prosthetiki huongeza, haipunguzi. Weka skani kama tabaka lililofungwa, lenye rangi kali, na kila mara uangalie kama rangi hiyo imejitokeza juu ya mchongo. Palipotokeza, hapatengenezeki. Mbili, ukikuza picha unapoteza kipimo. Vinyweleo vinavyopendeza kwenye skrini vikichapwa hugeuka mashimo. Fungua dirisha la pili linaloonyesha kichwa kwa ukubwa halisi na ulitazame kila unapobadilisha brashi. Tatu, picha ya kompyuta haiongei wala haicheki. Kipande kinene kuzunguka mdomo huonekana kizuri kikiwa kimetulia, kisha huzika msuli wote wa mwigizaji. Tumia rangi za unene kwenye programu, na punguza nyama yote isiyo na kazi kwenye mikunjo ya pua na pembe za mdomo.

Kuchapa

Ukichonga kwenye kompyuta lazima uchape mchongo huo kwa printa ya 3D, na hapa ndipo ukingo unapoanza kupata tabu. Chukua mteremko wa ukingo unaoshuka nusu milimita ndani ya umbali wa milimita 10. Printa ya rezini (inayogandisha rezini ya majimaji kwa mwanga, tabaka kwa tabaka) yenye tabaka za milimita 0.05 huuchapa mteremko huo kwa ngazi kumi, kila ngazi ikiwa na upana wa milimita nzima. Taa ya pembeni huzionyesha zote, na silikoni huzinakili kwa uaminifu. Ndiyo maana uso haulazwi bapa kwenye sahani ya printa. Uinue kwa pembe ili ngazi ziwe nyingi na nyembamba, na vishikizi vyote viwe upande wa nyuma usiotumika. Baada ya hapo praima na msasa wa maji, namba 220 kisha 400, kwenye maeneo laini tu. Ukipitisha msasa kwenye vinyweleo umevifuta.

Printa ya filamenti (inayoyeyusha uzi wa plastiki) yenye tabaka za 0.1 au 0.2 isitumike kwa uso wa nje. Inafaa kwa viini vya ndani, maganda ya kushikilia kalibu, na kichwa cha kujaribia. PLA, plastiki ya kawaida ya filamenti, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo usiiache kwenye gari lililopigwa na jua.

Kichwa chenye uwazi ndani kiwe na ukuta wa milimita 3 na matundu mawili ya kutolea rezini. Rezini iliyofungiwa ndani bila kuganda huendelea kuvuja na kupasua ukuta baada ya wiki kadhaa. Vaa glavu za nitrili muda wote. Rezini mbichi husababisha mzio wa ngozi unaozidi kila unapoigusa tena. Kipande kilichochapwa kwa rezini ya kawaida kisiwekwe kamwe moja kwa moja kwenye ngozi ya mwigizaji.

Kalibu

Hitilafu inayowaumiza wengi wanaohama kutoka udongo kwenda printa ni silikoni isiyoganda. Unafungua kalibu, katikati silikoni imeganda vizuri, lakini pale ilipogusa rezini kuna utando unaonata na maelezo yote yamepotea. Kusubiri siku nyingine hakusaidii: mabaki ya rezini ambayo haikuganda yameshalemaza kichocheo cha platinamu. Salfa ya baadhi ya udongo hufanya hivyohivyo, pia lateksi, glavu za lateksi, na silikoni ya bati (inayogandishwa kwa kichocheo cha bati). Njia ya kuepuka ni hii:

1. Osha chapisho kwa spiriti ya isopropili mara mbili, beseni la pili likiwa na spiriti safi isiyotumika.
2. Kausha kabisa, hasa ndani ya vinyweleo na pembe.
3. Weka kwenye taa ya UV ya nanomita 405 kwa dakika 30 hadi 60 ukigeuza, kisha kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa kadhaa.
4. Puliza vanishi safi ya akriliki, tabaka mbili au tatu nyembamba, na uiache ikauke kabisa.
5. Paka kijiko cha silikoni sehemu ya nyuma na usubiri muda wake wote wa kuganda kabla ya kumimina kazi yenyewe.

Usiruke ya tano hata kama rezini ni ileile ya wiki iliyopita. Njia nyingine ni kuchukua kalibu ya kwanza kwa silikoni ya bati, ambayo huvumilia rezini zaidi, kisha kutoa nakala kwa nyenzo nyingine na kuendelea kutoka hapo.

Je, uchape kalibu yenyewe moja kwa moja? Kwenye skrini inaonekana kama njia fupi: unatoa mchongo ndani ya bloku, unaongeza pini za kulinganisha nusu mbili zenye nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3, ukanda wa mgusano wa milimita 2 au 3 kuzunguka kipande, mfereji wa ziada nje yake, tundu la kuingizia silikoni la milimita 8, na vitundu vya hewa sehemu zilizo juu kabisa. Kuta ziwe na angalau milimita 8, la sivyo hupinda unapokaza boliti.

Tatizo ni kwamba nusu mbili zilizochapwa kila moja hupinda kivyake. Zikiachana milimita 0.3 kwenye ukanda wa mgusano, ukingo wako wote una milimita 0.3. Kalibu ya jipsamu au faibaglasi haina shida hiyo, kwa sababu nusu ya pili humiminwa juu ya kiini kilekile na kuchukua umbo lake lilivyo, kasoro zake zikiwemo. Ukitaka bado kuchapa, paka rangi nyembamba ya midomo kwenye ukanda wa kiini, funga kalibu, fungua, na uone rangi imehamia wapi. Palipogusa punguza kwa msasa, rudia hadi rangi ihame kuzunguka pote. Ni kazi ya nusu siku, iweke kwenye ratiba tangu mwanzo.

Kuna vikwazo vingine viwili. Lateksi ya povu huokwa kwenye oveni kwa takriban nyuzi 85 kwa saa nyingi. PLA haivumilii, na rezini nyingi za kawaida hulegea zikiwa zimekazwa kwa boliti kwenye joto hilo, kwa hiyo rudi kwenye jipsamu ngumu kama Ultracal 30. Pia utando wa plastiki unaopulizwa ndani ya kalibu ili kufunika silikoni, kama umeyeyushwa kwa asetoni, hushambulia ABS, plastiki nyingine ya printa, na unaweza kuharibu uso wa rezini. Tumia aina inayoyeyuka kwa spiriti.

Mahali ambapo printa inashinda bila ubishi kwenye kalibu ni vipande vidogo bapa: makovu, matundu ya risasi, mikwaruzo. Chonga sahani yenye majeraha kumi, ichape, mwagia silikoni, na una kalibu ya kujaza Pros-Aide (gundi ya ngozi) iliyokolezwa na kuhamishia kwenye karatasi.

Kuunganisha njia mbili

Mtiririko tunaoupendekeza kwa kazi kubwa ya usoni: chonga maumbo yote makuu kwenye kompyuta juu ya skani, chapa bila vinyweleo, chukua kalibu ya silikoni ya bati juu ya chapisho, kisha mimina humo udongo wa mafuta ulioyeyushwa taratibu ukiwa na kiini ndani. Ukifungua una mchongo wa udongo uliokaa juu ya kiini cha mwigizaji, ulinganifu umeshapatikana, na kilichobaki ni ukingo na ngozi, vyote kwa mkono. Kalibu ya mwisho ni jipsamu au faibaglasi, na suala la rezini na platinamu limekwisha kabisa.

Hali yako ni ipi?

Pua au kidevu cha mwigizaji mmoja kwa siku moja au mbili za kupiga picha: udongo. Saa za kusafisha skani, kuchapa na kupiga msasa zitazidi saa za kuchonga.

Mhusika mkuu anayeonekana kwa wiki nyingi: mchanganyiko. Kipande cha silikoni huharibika ukingo kinapobanduliwa, kwa hiyo kila siku ya kazi inataka kipande kipya, na kalibu zitachakaa. Faili na chapisho hukuwezesha kutoa kalibu nyingine inayolingana na ya kwanza.

Uzee wa hatua kadhaa, mapacha, au mbadala wa matukio ya hatari: kompyuta, kwa sababu zilizotajwa.

Pembe, makucha, helmeti na sehemu yoyote ngumu isiyo na ukingo wa kuyeyuka kwenye ngozi: chapa, piga msasa, paka rangi. Hapa udongo ni kupoteza muda.

Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu, nunua printa ya rezini pamoja na kituo chake cha kuoshea na taa ya UV, ujifunze Blender, na skana uikodishe siku unapoihitaji. Skana hutumika saa moja kwa kila mwigizaji, printa itafanya kazi kila usiku. Chagua yenye sahani ya kuchapia inayomeza uso mzima kutoka nywele hadi chini ya kidevu, kwa sababu uso uliochapwa vipande viwili una mstari wa kuungia, na mstari huo mara nyingi huangukia shavuni, pale kamera inapokaa muda mrefu zaidi.